Sahihi ya Mama Picha

9 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku afya zetu ni njema. Mgonjwa ni sufuria kubwa tu, ambayo Baba ameiunguza mpaka kitako kimekuwa cheusi kama lami. Anajitetea kwamba yeye ni fundi wa kuchomelea, moto anaujua. Nimemwambia moto wa kuchomelea geti si moto wa kupikia wali. Ameninunia kuanzia asubuhi mpaka alipoona chakula cha jioni.

Wewe je, umefika salama na mizigo yote? Chumba kina joto la kutosha? Na mgongo?

Mama, niseme ukweli, maana kwenye simu huwa unanichekesha halafu nasahau nilichotaka kuuliza. Majirani wananisumbua. "Mama Picha kaenda wapi?" Nikisema amekwenda kusoma, wanacheka kwanza, halafu wanauliza amekwenda kusoma nini. Hapo ndipo ninapokwama. Umepiga picha za eksirei katika hospitali hii tangu sijazaliwa. Nusu ya mji huu umeshawaona mbavu. Wale vijana uliowaachia chumba cha picha wanakuita mwalimu. Sasa kuna kitu gani cha picha usichokijua, mpaka uache nyumba, uvuke mpaka, ukakae darasani na watu wa rika langu?

Siulizi kwa ubaya. Nauliza kwa sababu nyumba imekuwa kubwa ghafla. Baba hasemi kitu, lakini siku hizi anakaa upande wako wa meza.

Niandikie kwa kirefu. Mambo madogo tutaongea kwenye simu.

Binti yako


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba sana. Mimi ni mzima, mgongo umetulia, godoro ni jembamba lakini halinidai kitu. Chumba changu kiko ghorofa ya juu kabisa na lifti ya jengo hili ni pambo, kwa hiyo ukiniona nimekonda usilaumu chakula.

Swali lako ni zuri, na ningekuwa wewe ningeuliza hivyohivyo.

Miaka yote kazi yangu ilikuwa kupiga picha. Kuisemea haikuwa kazi yangu. Nampanga mgonjwa, namwambia avute pumzi, abane, natoa picha safi. Baada ya hapo picha inasafiri mpaka hospitali kuu kwa Bingwa, kwa sababu hospitali zetu zote za upande huu zina daktari mmoja tu wa kusoma picha, na ndiye yeye. Anasoma mpaka macho yanatoa machozi. Jibu linarudi baada ya wiki kadhaa, na mgonjwa muda wote huo yupo tu, hajui ana nini. Bingwa hawaoni wale watu wakisubiri. Mimi ndiye ninayewaona, kila nikifungua mlango.

Mwaka jana alikuja kwetu kwa ziara, akaniambia, "Mama Picha, kuna nchi ambako mpiga picha akisomea zaidi na kupewa leseni ya juu, anazisoma mwenyewe picha za kifua na mifupa. Anaandika ripoti, anatia sahihi. Nenda. Barua ya kukupendekeza nitaandika mimi."

Nikamwuliza, "Na wewe utabaki na kazi gani?"

"Zile ngumu. Tena nataka siku moja nile chakula cha mchana mchana."

Ndiyo maana niko hapa. Sasa cheka. Zoezi la kwanza nilikwenda nimejaa tele, mtu mzima na uzoefu wangu. Mwalimu wetu ni mama mfupi mwenye sauti ya chini, naye alianza kama mpiga picha. Akasimama nyuma yangu. "Umeandika kuna kivuli juu ya pafu la kulia. Tazama tena." Nikatazama. Nikasema kivuli kipo. "Fuata kivuli chako kinakokwenda," akasema. Nikakifuata, kikatoka kwenye pafu, kikapanda shingoni, kikapotea juu ya picha. "Huo ni msuko," akasema. "Umemgundulia mgonjwa maradhi ya nywele."

Darasa zima halikuwa na mbavu. Mimi, niliyezeeka nikiwaambia wanawake wainue nywele!

Katika zoezi lile niliwatia ugonjwa watu wenye afya kamili, na mmoja mgonjwa kweli nikampitisha. Usiku sikulala vizuri. Nimegundua kwamba ni rahisi kuwa na macho makali wakati hakuna anayekudai jibu. Ukishika kalamu na jina lako liko chini ya karatasi, mkono unakuwa mzito kama umebebeshwa jiwe. Hicho ndicho nisichokijua, mwanangu, na ndicho nilichokuja kusomea.

Mwambie baba yako kiti ni chake mpaka nirudi. Lakini sufuria ni yangu.

Mama yako


18 Mei

Mama,

Shikamoo, na pole na ngazi za hilo jengo. Sisi wazima. Baba sasa anapika uji tu, na uji umekuwa mzuri.

Wiki iliyopita nilimsindikiza mwalimu mwenzangu, yule wa hesabu asiyekubaliana na mtu, kwenda hospitali kufuata jibu la picha ya kifua. Tangu apigwe picha ni zaidi ya mwezi. Mama, nimepita kwenye ule ukumbi maisha yangu yote kuja kukuchukulia ufunguo wa nyumba, na sijawahi kukaa kwenye benchi lake. Safari hii nilikaa. Kila mlango ukifunguka watu wote wananyanyua vichwa. Kijana wako anasema, "Bado." Vichwa vinashuka. Inaumiza kutazama.

Jibu la mwalimu lilipotoka, hana kitu. Kifua safi. Badala ya kufurahi aliniambia kwamba katika ule mwezi ameshawagawia ndugu zake vitabu vyake vyote, na sasa hajui aanze vipi kuwaomba wavirudishe.

Nilicheka mpaka nikaona yeye hacheki.

Majirani wakiniuliza sasa nina jibu. Nawaambia Mama Picha amekwenda kusomea kuwaondoa watu kwenye benchi. Hawaelewi, lakini wanaona nimesimama wima, basi wananyamaza.

Komaa, Mama. Sisi huku tunakungoja.

Binti yako


22 Novemba

Mwanangu,

Natumaini u mzima na sauti haijakauka kwa kufundisha. Mimi niko salama, na leo nimepanda zile ngazi bila kupumzika katikati.

Nimefaulu. Mtihani wa mwisho ulikuwa rundo la picha na saa ukutani. Unakaa peke yako katika chumba chenye mwanga hafifu, unasoma, unaandika, na majibu yako yanapimwa na ya madaktari bingwa waliosoma picha zilezile. Nilipofika katikati nilianza kuogopa, kila kivuli kikawa kinanitazama vibaya. Nikaweka kalamu chini, nikafumba macho, nikajiambia: hawa ni watu. Huyu alivua shati, huyu alibana pumzi, huyu alikuwa anaogopa baridi ya mashine. Nikaendelea, nikamaliza.

Mwalimu alinipa cheti kwa mikono miwili. Akasema, "Wewe ulikuja na macho. Sisi tumekuongezea woga kidogo. Vyote viwili utavihitaji."

Nimesikia umepata uhamisho wa kwenda kufundisha mbali, na kwamba utakuwa umeshaondoka nitakapofika. Nimeumia na nimefurahi. Tutaendelea na barua zetu, ila safari hii mimi ndiye nitakayekuwa nyumbani.

Mama yako


6 Machi

Mwanangu,

Habari za hiyo shule mpya? Nyumba uliyopewa inavuja? Kama inavuja sema, baba yako anatafuta kisingizio cha safari.

Nilikwenda kwenye Baraza, wale wanaosajili wafanyakazi wa afya, nikiwa nimevaa vizuri na cheti kwenye bahasha. Kijana wa mapokezi alinipokea kwa heshima. Akakisoma cheti mwanzo mpaka mwisho, akaingia kwenye kompyuta, akatafuta, akatafuta tena.

"Mama, hapa kuna daktari na kuna mpiga picha. Wewe ni yupi?"

"Ni mpiga picha niliyesomea kusoma picha."

"Hiyo haimo."

"Sasa mnaniweka wapi?"

Alisikitika kweli, niliona. "Cheti chako ni kizuri mno. Tatizo hakina pa kukaa."

Basi nimerudi chumbani kwangu. Napanga wagonjwa, nawaambia wabane pumzi, na picha zinasafiri kama zamani. Madaktari wetu wananivizia mlangoni: "Mama Picha, sema tu kwa mdomo, hatutaandika jina lako." Nakataa. Wananiona naringa. Lakini nikisema kwa mdomo na nikakosea, kosa hilo litakuwa la nani? La mgonjwa. Sikusomea hivyo.

Usinihurumie. Nimekueleza tu ili ujue kwa nini barua hii haina vichekesho.

Mama yako


29 Machi

Mama,

Shikamoo. Nyumba haivuji, ila mlango unalia kama mbuzi, kwa hiyo Baba aje tu.

Nilipoisoma barua yako nilikasirika, nikaandika jibu la hasira, nikalichana. Kwanza nilitaka kukuambia: wasemee tu kwa mdomo, watu wapone. Halafu nikarudia sentensi yako ile, kosa litakuwa la nani. Nikaona unasema kweli.

Lakini Mama, kunyamaza kwako huko kwenye Baraza sikubaliani nako. Kama halina pa kukuweka, si litengeneze? Hata nyumba yenu ilikuwa haina chumba changu nilipozaliwa, mkajenga. Bingwa anasemaje? Yeye ndiye aliyekutuma. Mwende pamoja. Wewe ukienda peke yako utasema shikamoo, utaambiwa pole, utarudi. Nakujua.

Binti yako mwenye kelele


14 Julai

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na yale mafua yamekuachia. Mimi mwili ni mzima.

Makelele yako yalisaidia. Nilikwenda na Bingwa. Alipiga meza, mtu mpole yule, sikuamini macho yangu. Baraza likakubali tufanye majaribio. Utaratibu ni kwamba nasoma picha, naandika ripoti, naitumbukiza kwenye sanduku lenye kufuli. Bingwa anaisoma picha ileile kule kwake bila kujua nilichoandika. Baadaye Baraza linafungua sanduku na kulinganisha. Mgonjwa anatibiwa kama kawaida, mimi bado sihesabiki. Nilikuwa nakwenda vizuri. Bingwa haruhusiwi kuniambia lolote, ila kwenye simu alikuwa na sauti ya mtu anayetabasamu.

Halafu akaja fundi rangi. Ameanguka kutoka kwenye ngazi, kifua kinamuuma. Nikapiga picha, nikaitazama: ubavu umepasuka, hata wewe ungeuona. Nikaandika ubavu, nikatia sahihi, nikatumbukiza sandukuni. Daktari wa zamu naye akauona ubavu huohuo, akampa dawa ya maumivu, akamruhusu.

Asubuhi yake nilikuwa napitia tena picha za jana kabla wagonjwa hawajajaa. Nikafika kwenye ya fundi rangi. Juu kabisa ya pafu palikuwa na mstari mwembamba kama uzi. Nje ya uzi ule pafu halikuwepo, palikuwa na hewa tupu. Ubavu ulikuwa umelitoboa pafu na hewa imetoroka. Kidogo tu, lakini hewa ya namna hiyo inaweza kuongezeka mpaka ilibane pafu zima, na mtu akafa akiwa amesimama.

Unajua nini kilichotokea? Nilipouona ubavu nilifurahi. Macho yakaridhika, yakaacha kutafuta. Mwalimu alitufundisha kosa hilo kwa jina lake, na mimi nikalifanya.

Nilikimbia kwa daktari wa zamu. Akaangalia, akashika kichwa. "Yuko wapi?" Simu ya mgonjwa haipatikani. Nikampigia baba yako. Hakuuliza kitu. Alikuja na pikipiki, miwani ya kuchomelea bado iko kwenye paji la uso, nikapanda nyuma na koti langu jeupe likipepea kama bendera. Duka la rangi likatuelekeza kwenye jengo jipya nyuma ya soko. Na tulimkuta wapi? Juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika ubavu, mwingine unapaka rangi.

"Shuka, bwana!" baba yako akapaza sauti.

"Nyie ni nani?"

"Mimi ni fundi kama wewe. Huyu ndiye aliyekupiga picha. Shuka taratibu, pafu lako linavuja."

Katika kazi yangu yote sijawahi kumwambia mgonjwa maneno kama hayo, lakini alishuka. Alipofika chini alikuwa anahema kama aliyefukuzwa. Mwenye jengo akatupa gari. Daktari alimwekea mrija, akaitoa ile hewa, akamlaza. Ameshapona, jana alipita kunisalimia, na bado hajui kama anishukuru au anilaumu. Mimi pia sijui.

Jioni ile sanduku lilikuwa bado halijachukuliwa. Ufunguo anao mganga mkuu wetu, akaja nao mwenyewe mkononi. "Badilisha ile ya kwanza, Mama Picha. Umeliona mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Hilo si kosa."

Nilifikiria, sitakudanganya. Niliutazama ule ufunguo. Halafu nikaandika karatasi ya pili: ripoti ya kwanza ina kosa, kosa ni langu, nimeliona siku iliyofuata, mgonjwa ametafutwa na kupatikana. Nikaitumbukiza juu ya ile ya kwanza.

Sasa tunalisubiri Baraza.

Mama yako


3 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nimeandika Agosti, kimya. Nimepiga simu, unasema uko kazini. Unajua nani amenipigia jana? Baba. Baba ambaye kwake simu ni ya msiba tu!

"Barua ya Baraza imekuja," akasema. "Majaribio yaanze upya."

"Yote?"

"Yote. Kwa sababu ya fundi rangi."

"Mama anasemaje?"

"Hasemi. Anafua mapazia."

"Si aliyafua juzi?"

"Ndiyo maana nimekupigia."

Mama, nisikilize. Niliisoma barua yako ya Julai kwa sauti kwenye chumba cha walimu. Sikuomba ruhusa, utanigombeza nikija. Nilipofika kwenye ufunguo, kalamu zote ziliwekwa chini. Mwalimu mkuu wetu ni mtu mkavu, hasifii mvua wala jua. Alivua miwani akasema, "Mimi ningeibadilisha ile ya kwanza." Kila mmoja wetu alikuwa anajipima na kujiona naye angeibadilisha. Mimi pia, Mama. Ningechukua ule ufunguo na ningelala vizuri.

Zamani nilikupenda kama mtoto anavyompenda mama yake, na hiyo haina sifa, kila mtoto anafanya. Sasa kuna kitu kingine kimeongezeka juu yake. Nikiwa nasahihisha madaftari na nimechoka, nataka kumpa mtoto alama bila kusoma mpaka mwisho, nakuona umekaa mbele ya ile picha. Naanza kusoma upya. Sijui kitu hicho kinaitwaje. Ila usithubutu kuacha.

Acha mapazia, niandikie.

Binti yako


11 Oktoba

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Nisamehe kwa ukimya, na mshukuru baba yako, ingawa nimemwambia aache umbea.

Niliona aibu. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kujitoa, iko ndani ya mkoba, nasubiri tu siku ya kupita posta. Nilijiambia: umri umekwenda, umesoma, umejaribu, inatosha, rudi kwenye mashine yako.

Ndipo Bingwa akaja. Hakuja kwa gari la hospitali, alikuja kwa basi, vumbi mpaka kwenye nyusi, siku yake ya mapumziko. Akaketi kwenye kile kiti cha wagonjwa chenye mguu mbovu. Nikamwambia nimemwaibisha. Hakubisha haraka, na hilo lilinifurahisha, maana angebisha nisingemwamini.

Akasema, "Mimi niliipata picha ya fundi rangi baada ya wiki mbili. Ule uzi niliuona. Nikaanza kutafuta simu ya hospitali yenu huku jasho linanitoka, kwa sababu wiki mbili ni nyingi kwa pafu lile. Nikaambiwa mgonjwa alishatafutwa, alishatibiwa, yuko kwake anakula. Mama Picha, wewe ulimkosa kwa siku moja. Mimi kwa umbali wangu ningemkosa kabisa."

Nikamwambia Baraza halioni hivyo.

"Baraza linaogopa, na lina haki ya kuogopa. Wewe ndiye wa kwanza, wakikosea kwako wamekosea kwa wote watakaokuja nyuma yako. Wape picha nyingine. Wape nyingi."

Halafu akaniuliza kama kuna chakula. Saa ilikuwa ya mchana hasa. Tukala palepale, tukitazama picha za mifupa, na nikamwona mtu aliyechoka kuliko mimi ambaye hajafikiria kuacha.

Ile barua ya kujitoa nimeichana. Majaribio yameanza upya Jumatatu. Mapazia ni safi sana, ukija utayaona.

Mama yako


20 Januari

Mama,

Shikamoo, na heri ya mwaka. Naandika kwa haraka, mtu anayepeleka barua mjini ananisubiri nje na pikipiki inanguruma. Baba ameniambia kwamba wajumbe wa Baraza wanakuja hospitalini kwenu kukuhoji uso kwa uso. Hakuniambia lini, anasema ameapishwa. Sitaki kujua lini, nisije nikafundisha hesabu za kugawanya siku hiyo na nikaharibu kizazi.

Vaa lile gauni la kijani. Usiseme pole kwa mtu yeyote.

Binti yako


4 Mei

Mwanangu,

Marahaba nyingi, pokea salamu zangu na za baba yako, ambaye amekaa hapa pembeni akiniambia nini cha kuandika. Sote wazima.

Nilivaa la kijani. Wajumbe walikuwa watatu, wakaingia kwenye chumba changu, chumba kikawa kidogo kama kabati. Waliniwekea picha, nikazisoma mbele yao, kwa sauti, moja baada ya nyingine. Pale nisipojua nilisema sijui, hii naipeleka kwa Bingwa. Mzee mmoja kati yao alikuwa hajanitazama usoni tangu mwanzo. Mwishoni akauliza, "Kwa nini hukubadilisha ripoti ya fundi rangi?"

Nilikuwa nimeandaa jibu refu, likapotea lote. Nikasema, "Kwa sababu siku nitakayokuwa na leseni, hakutakuwa na sanduku. Nilitaka mjue nitafanya nini siku hiyo."

Akaandika kitu. Wakaondoka. Mwezi mzima kimya.

Leseni imekuja, mwanangu. Wamefungua ngazi mpya kwenye usajili wao, na mimi ndiye wa kwanza kwenye ngazi hiyo. Wapiga picha wengine wawili kutoka hospitali za mbali wameshaniandikia kuuliza chuo kiko wapi. Baba yako aliichomelea fremu ya chuma, nzito kiasi kwamba ukuta umekataa kuibeba, imeegemezwa sakafuni.

Sasa nikusimulie siku yenyewe ya kwanza, maana najua unairuka hii mistari kuitafuta.

Wa kwanza alikuwa mzee, kikohozi cha muda mrefu. Amekuja kamili: blanketi limefungwa kwa kamba, redio ndogo, mfuko wa nguo. Ana mtoto wake hapa mjini, alipanga kukaa kwake mpaka jibu litoke. Nikampanga, akavuta pumzi, akabana. Nikampeleka benchini, nikarudi ndani, nikakaa mbele ya picha.

Niliitazama kama sijawahi kuona picha maishani mwangu. Nikaanza juu, nikashuka, nikazunguka moyo, nikapita kila ubavu, nikarudi juu tena. Nilipoona ni safi sikufurahi haraka, nikazunguka mara nyingine. Halafu nikaandika: moyo na mapafu havina kasoro. Mkono ulikuwa mzito. Nikatia sahihi.

Nikatoka mwenyewe. "Mzee, jibu lako limetoka."

"La nani?"

"Lako."

"Mimi nimepigwa sasa hivi."

"Ndiyo. Imeshasomwa. Daktari atakupa dawa ya hicho kikohozi, lakini mapafu yako ni mazima."

Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu. "Haiendi kwa Bingwa?"

"Hii haiendi."

"Sasa nani kasema mapafu yangu ni mazima?"

Mwanangu, swali hilo nimeulizwa miaka yote kwenye mlango ule, na jibu langu siku zote lilikuwa la mtu mwingine. Nilifungua mdomo, na kwa mazoea "Bingwa" alikuwa ameshafika kwenye ulimi.

"Mimi," nikasema. "Nimeisoma mimi. Hili ni jina langu na hii ni sahihi yangu. Ukiwa na shaka, mimi niko mlango huu kila siku."

Akaichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisoma polepole mpaka chini kabisa. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akaupigapiga mfuko.

"Basi nisaidie blanketi mpaka kituoni," akasema. "Nilikuja kukaa."

Nikambebea.

Mama yako